Kebo ya Ghali na Kebo ya Rahisi

Kila mwaka wanafunzi wetu wa zamani wanapokuja kututembelea, hakosi mmoja atakayenivuta kando chini ya mwembe na kuniuliza swali lisilokuwamo katika mtihani wowote. Miaka ya nyuma waliniuliza habari za betri za magari. Siku hizi wengi wamejaliwa kununua televisheni kubwa, na spika za kuweka pembe zote za chumba, hata sebule imekuwa kama jumba la sinema, na swali lao ni hili: "Mwalimu, hii kebo ya HDMI ya kuunganishia mitambo, ninunue ile ya shilingi 25,000 au ile ya 480,000?"

Nimeona vema nijibu hapa mara moja, ili vijana wa kidato cha tatu na cha nne wapate somo la fizikia, na hao wakubwa wao wapate kuokoa fedha zao. Walakini sitaficha ya kuwa jibu langu la kwanza, nililolitoa kwa kiburi kidogo mbele ya kamati ya wanafunzi wa zamani, lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilinitia aibu siku ambayo ukumbi wetu ulijaa watu. Nitaeleza yote kwa taratibu yake.

Kwanza tuulize: ndani ya kebo hupita kitu gani? Katika televisheni za zamani, zile za analogi, umeme ndani ya waya ulipanda na kushuka kwa kuifuata picha yenyewe. Penye mwanga mwingi umeme ulikuwa hivi, penye giza ulikuwa vile. Basi kila kilichopotea njiani kilipotea katika picha, na kila uchafu ulioingia njiani ulionekana katika picha. Msomaji aliyezaliwa kabla ya mwaka 2000 atakumbuka baba akipanda juu ya bati kuigeuza antena, na watoto ndani wakipiga kelele, "Hapo hapo! Umepita! Rudi!" Chenga zilipungua kidogo kidogo kwa kadiri antena ilivyokaa vema. Mapatano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuzilinda stesheni za namna hiyo katika Afrika na Ulaya, na nchi zetu zikahama moja baada ya moja. Televisheni za analogi zimekwenda zake, lakini desturi ya fikira zake ingali vichwani mwetu. Tungali tunadhani ya kuwa waya mzuri zaidi huleta picha nzuri zaidi, na waya mzuri mno huleta picha nzuri mno. Zamani zile fundi aliyesema hivyo alisema kweli.

Kebo ya HDMI, ambayo kanuni zake za kwanza zilitangazwa mwezi wa Desemba 2002, haipitishi picha. Hupitisha namba. Na namba zenyewe ni za aina mbili tu, 0 na 1, tunazoziita biti.

Nataka kutoa mfano wa kale. Mwaka 1879 kebo ya simu za maandishi ililazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ikaendelea kusini mpaka Natal. Karani aliyekaa Unguja alipokea alama za namna mbili tu, akazigeuza kuwa herufi. Maadamu aliweza kuzitofautisha alama hizo, alipata habari ile ile iliyopelekwa, neno kwa neno. Bei ya karafuu haikupanda, wala salamu hazikuwa za upendo zaidi, kwa sababu waya ulikuwa mnene. Lakini alama zikifika zimefifia na kushikamana, hata karani asijue ipi ni ipi, hapo habari iliharibika. Basi kuna mambo mawili tu: kusomeka na kutosomeka. Mambo ya HDMI ni hayo hayo, ila karani wa sasa husoma alama mabilioni kila sekunde.

Mabilioni mangapi? Hii ni hesabu ambayo kijana wa kidato cha pili aweza kuifanya. Picha ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Pamoja na nafasi tupu zinazoachwa pembeni na chini kwa ajili ya taratibu za mtambo, huhesabiwa 2200 kwa 1125, yaani 2,475,000. Picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo nukta ni 148,500,000. Kila nukta ina rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila rangi hupelekwa kwa biti 8. Lakini HDMI huzigeuza biti 8 kuwa 10 kabla ya kuzituma, ili mpokeaji azisome kwa urahisi. Zidisha basi kwa 30. Jibu ni 4,455,000,000 kwa sekunde. Sasa ile picha kubwa iitwayo 4K, ya nukta 3840 kwa 2160: kwa mara 60 hizo hizo, hesabu hufika 17,820,000,000, yaani mara nne. Zishike namba hizi mbili, maana nitazirudia nitakapofika kwenye aibu yangu.

Wauzaji husema kuwa kebo ya ghali hukoleza rangi na kuufanya weusi uwe mweusi zaidi. Tulipime neno hilo. Giza karibu na weusi kabisa laweza kuandikwa kwa namba 16, ambayo kwa biti ni 00010000. Kebo mbovu ikisababisha biti ya kwanza isomwe 1 badala ya 0, namba huwa 10010000, yaani 144, na nukta iliyokuwa gizani hung'aa ghafula. Kosa la kebo halijui kupunguza utamu wa rangi kidogo kidogo kwa adabu. Hurusha nukta nyeupe huku na huku kama mchele uliomwagika juu ya kitambaa cheusi. Likizidi, picha hukatika. Likizidi tena, kioo huwa kitupu. Ili kebo iufanye weusi kuwa mweusi zaidi, ingebidi izijue namba zote zenye giza, izipunguze kila moja kwa kiasi, na kuziacha nyingine. Waya wa shaba hauna akili hiyo, na ungekuwa nayo tungeuleta hapa kufundisha hesabu.

Na dhahabu je? Kebo nyingi za ghali, na siku hizi hata za rahisi, zimechovywa dhahabu kwenye vichwa vyake. Wengi hudhani dhahabu hupitisha umeme kuliko madini yote. Sivyo. Wa kwanza ni fedha, wa pili shaba, na dhahabu ni ya tatu. Faida ya dhahabu ni kwamba haipati kutu, na sisi tunaokaa karibu na ziwa twajua kutu ni kitu gani. Ni jambo jema, lakini ngozi ya dhahabu yenyewe ni nyembamba mno, na bei yake haifiki hata robo ya karamu.

Nilipokuwa Kampala niliingia katika duka moja, na kijana wa dukani akanionyesha televisheni mbili zilizosimama bega kwa bega. "Hii ina kebo yetu, Mzee, na ile ina kebo ya kawaida." Kweli, tofauti ilikuwa kama mchana na usiku. Niliomba ruhusa nichungulie nyuma. Ile ya "kawaida" haikuwa na HDMI kabisa. Ilifungwa zile nyaya tatu za zamani, ya manjano, nyeupe na nyekundu, ambazo hupitisha picha ya analogi. Kijana hakujua, nadhani. Alikuta zimefungwa hivyo. Nilinunua kebo ya 25,000, ya mita 3, kwa ajili ya televisheni ya chumba cha walimu, na mpaka leo inafanya kazi.

Sasa nifike kwa mzee wetu mmoja wa kamati, ambaye hatapenda nimtaje. Yeye alimaliza hapa miaka mingi kabla yangu, na nyumbani kwake ana chumba cha sinema chenye viti vya kulalia na pazia nzito. Alinunua kebo ya 480,000, ya mita 3, imesukwa kwa nyuzi nyeusi kama kamba ya meli. Niliposema katika kikao kwamba fedha hizo zingenunua vitabu, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "wewe una hesabu, mimi nina macho."

Nilimwomba alete kebo yake shuleni tuipime, akakubali mara moja, jambo ambalo nampa heshima kwalo. Tulitumia kompyuta moja, televisheni moja, na kipande kile kile cha filamu. Nyuma ya pazia tulimweka mwanafunzi mmoja na sarafu. Akirusha na kupata kichwa, alifunga kebo ya ghali. Akipata upande wa pili, alifunga ya rahisi. Akaandika katika daftari bila kusema neno. Mimi mwenyewe nilitoka nje, maana anayejua jibu aweza kulitoa kwa uso wake bila kukusudia. Kioo kilizimwa kila kebo ilipobadilishwa. Mzee alikaa mbele na kusema, kila mara, ni ipi.

Tulifanya hivyo mara 20. Kabla ya kuanza tulipatana kwamba akipata 15 au zaidi nitakiri mbele ya kamati. Kwa nini 15? Mtu anayebahatisha tu hupata 10 hivi. Kupata 15 au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara 2 katika 100. (Vijana wa kidato cha sita walihesabu: njia 21,700 katika 1,048,576. Asiyeamini na arudie.) Mzee alipata 9. Alivua miwani yake, akaifuta, akasema labda televisheni yetu ni ndogo. Tukamaliza kwa chai.

Kwa ajili ya wale wasioridhika na macho ya mtu, nilifanya na jaribio la pili. Nilituma picha moja isiyotembea kutoka kompyuta moja, nikainasa kwa kifaa kinachohifadhi kila nukta bila kuibana, mara moja kwa kila kebo. Kisha tukatoa picha moja katika nyingine, nukta kwa nukta, kama hesabu ya kutoa ya watoto wadogo. Nukta 2,073,600, na kila moja ikatoa sifuri.

Hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Katika kikao kilichofuata nilisimama nikasema, "Mabwana, waya ni waya. Kama picha inaonekana, basi imeonekana yote." Wakapiga makofi. Kamati ilikuwa imechanga fedha za kununua projekta ya 4K kwa ajili ya ukumbi, nami nikapewa kazi ya kununua kebo. Projekta iko nyuma, juu ya boriti. Kompyuta iko jukwaani. Kebo ikipitishwa ukutani ni mita 15. Nikanunua kebo ya shaba ya rahisi kuliko zote zilizokuwapo, nikaipigilia ukutani kwa mkono wangu.

Siku ya ufunguzi wageni walikaa, sala ikasomwa, taa zikazimwa. Picha ikatokea, na watu wakashangilia. Kisha nukta nyeupe zikaanza kurukaruka juu ya uso wa mtu aliyekuwa akisema ndani ya filamu, na mara kioo kikawa cheusi. Kikarudi. Kikazima. Kikarudi. Nilikwenda mbio jukwaani huku jasho likinitoka, na nilipopita safu ya kwanza nilimsikia mzee yule akisema kwa sauti ya kutosha, "Waya ni waya!" Ukumbi mzima ukacheka.

Kosa langu lilikuwa wapi? Nilipima mita 3 nikatoa hukumu ya mita 15. Umeme unaobadilika polepole, kama wa taa zetu za mara 50 kwa sekunde, hutumia waya wote mpaka ndani. Lakini ukibadilika mara bilioni moja kwa sekunde, hukimbilia juu ya ngozi ya shaba, kwa kina cha kama elfu mbili za milimita tu. Njia huwa nyembamba, nguvu hupotea kuwa joto, na hupotea zaidi kila mita inayoongezeka. Zaidi ya hayo, katika 4K kila jozi ya nyaya hupitisha karibu biti bilioni 6 kwa sekunde, na biti moja ikiwa njiani huchukua urefu wa sentimita tatu na nusu hivi. Ndani ya mita zangu 15 biti zaidi ya 400 zilikuwa zikifuatana katika jozi moja, kila moja ikimkanyaga mwenzake kisigino. Ncha zake zilizokuwa kali mwanzoni zilifika zimelainika kama sabuni iliyotumika, na karani wa upande wa pili akashindwa kujua hii ni 0 au ni 1.

Jioni ile niliokolewa na ile hesabu ya kwanza. Nilishusha picha ya kompyuta kutoka 4K hadi 1920 kwa 1080. Mwendo ukapungua kutoka bilioni 17.82 hadi bilioni 4.455, na kebo ile ile niliyoilaani ikatulia, filamu ikaisha bila kukatika tena. Hata wale waliokaa mbele hawakulalamikia picha, ingawa walikuwa na mengine ya kulalamikia.

Wiki ile nilinunua kebo ya nyuzi za kioo, ambayo kichwani mwake ina kijitambo cha kugeuza umeme kuwa nuru na upande wa pili kingine cha kugeuza nuru kuwa umeme. Nuru ndani ya kioo haichoki upesi kama umeme ndani ya shaba. Bei yake ilikuwa 190,000 kwa mita 15, chini ya nusu ya ile ya mzee ya mita 3. Anayenunua kebo hiyo ajue kuwa ina mbele na nyuma: kichwa kimoja kimeandikwa cha mtambo unaotuma na kingine cha kioo. Mimi niliigeuza mara ya kwanza, nikakaa saa nzima nikiilaumu projekta.

Basi muulize muuzaji mambo mawili: urefu, na mwendo ambao kebo imepimwa kuuchukua. Kwa picha ya 4K ya mara 60 tafuta iliyopimwa kwa bilioni 18. Jina lake kwenye lebo ni Premium High Speed. Mwaka 2017 zilitoka kanuni za 2.1, za bilioni 48, kwa ajili ya michezo ya kompyuta ya mwendo mkali na picha za 8K, na kebo yake huitwa Ultra High Speed. Aina hizo mbili zikiwa zimethibitishwa hubandikwa lebo ambayo waweza kuisoma kwa kamera ya simu kujua kama ni ya kweli. Lebo hiyo ndiyo ya kulipia. Kwa mwendo wa bilioni 48 kebo za shaba tupu aghalabu hazivuki mita 5, hata zikiwa na nakshi gani. Na kama kioo ni cheusi tangu mwanzo bila hata nukta moja nyeupe, usikimbilie kuilaumu kebo; huenda mitambo miwili imekosa kuelewana juu ya funguo za kulinda filamu. Zima yote, washa upya.

Jambo moja katika hizo kanuni za 2.1 lilinifurahisha sana. Katika HDMI ya kwanza, biti ya picha ikikosewa imekosewa. Hakuna wa kuisahihisha. Kanuni mpya, zinapotumia mwendo mkubwa, huongeza alama za ziada kwa hesabu iliyobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, na mpokeaji aweza kutengeneza makosa machache mwenyewe. Wajirani zetu wa Kongo walilijua jambo hili zamani. John Carrington, mmisionari aliyefundisha karibu na Yakusu, alitoa mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma zinazosema za Walokele. Ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yana mlio mmoja. Kwa hiyo mpigaji hasemi neno moja. Hulizungushia maneno mengine yanayojulikana, mpaka msikilizaji wa mbali, hata akikosa kupata mlio mmoja kwa sababu ya upepo, ajue limekusudiwa lipi. Ningependa kijana mmoja wa shule yetu aandike zaidi juu ya jambo hilo.

Mzee wetu alinipigia simu majuzi. Anataka kufunga televisheni nyingine katika chumba cha wageni, akaniuliza anunue kebo gani. Nikamwuliza ni mita ngapi. "Mbili," akasema. Nikamtajia bei. Alinyamaza kidogo, akacheka, kisha akaahidi ya kuwa tofauti ya fedha ataitia katika mfuko wa vitabu. Ni shilingi 455,000, na namwomba Mhariri anisaidie kumkumbusha.